Wajomba Wawili Katika Anga Moja

Mama yangu ana kaka mmoja na mdogo mmoja wa kiume, na kwa miaka mingi watu hawa wawili walikataa kukaa chini ya paa moja. Mara ya mwisho walikutana chini ya turubai, siku ya mazishi ya bibi, na wote tuliokuwepo tulijuta.

Wanapakana mashamba huko juu mlimani Meru, kahawa kwa kahawa, mgomba kwa mgomba. Mpaka wao ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu hupandwa kuonyesha ardhi ya mtu inaishia wapi. Mjomba mkubwa anasema mjomba mdogo huyang'oa masale gizani na kuyasogeza. Mjomba mdogo anasema hivyo hivyo, kwa upande wa pili. Kama wote wawili wanasema kweli, masale yale yametembea kuliko mimi, na mimi si mtu wa kukaa. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha. Nimeuza matairi Tunduma, nimebeba korosho Mtwara, nimekaa Songea bila sababu yoyote ninayoikumbuka. Popote ninapokuwa naota baridi ya Arusha ya mwezi wa saba na harufu ya majani ya kahawa yaliyolowa. Nikishafika Arusha, haupiti muda naanza kuulizia mabasi ya kwenda kwingine.

Siku ile ya mazishi waligombania nani atupe udongo wa kwanza kaburini. Mkubwa alisema ni yeye, kwa kuwa ni mkubwa. Mdogo alisema ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mama yao. Mchungaji alisubiri, bibi alisubiri, mvua haikusubiri. Tulimzika bibi kwenye matope huku wanawe wakinyoosheana vidole. Kuanzia hapo mjomba mdogo aliapa kwamba hatamwamkia tena kaka yake, na mkubwa akaapa kwamba hata akiamkiwa hataitikia. Shikamoo moja na marahaba moja zikakwama, na ukoo mzima ukakwama nazo.

Ndipo mdogo wangu wa mwisho akapata mchumba.

“Nakuomba uje,” Mama aliniambia kwenye simu. “Nataka wajomba zake wote wawili waweke mikono juu ya kichwa chake. Kwa pamoja. Sitaki mwanangu aondoke na nusu ya baraka.”

Kwetu binti hatoki nyumbani bila mkono wa mjomba kichwani. Dada yangu wa kwanza aliwekewa mikono yote. Wa pili aliolewa baada ya mazishi, akapata mkono wa mjomba mmoja tu, na kila ndoa yake inapoyumba kidogo Mama hutazama upande wa mashamba. Sasa alikuwa amebakiwa na huyu mmoja. Nikafunga begi, jambo ambalo ninalijua vizuri kuliko mambo yote.

Nilikuta kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, imekaa sebuleni kwetu. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu, kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya mapambo, na baada ya wajomba kutajwa ikazaliwa kamati ndogo ya ulinzi na usalama. Katibu alitukumbusha kwamba mchungaji alishajaribu kuwapatanisha wazee hawa akashindwa. Balozi wa nyumba kumi naye alijaribu, na sasa yeye mwenyewe hasalimiani na mmoja wao.

Hapo mtoto wa mama mkubwa akainua mkono. Ni mdogo wangu kwa miaka michache, na kazi yake ni kuongoza ndege kwa rada. Katika ukoo wetu hakuna jambo asiloweza kulieleza kwa ndege. Ukimuuliza kwa nini amechelewa, atakueleza habari za upepo.

“Mama mdogo, niachie mimi,” alimwambia Mama. “Kila siku nina ndege zinapishana juu ya vichwa vyenu, na hamjawahi kusikia hata kishindo. Nitashindwa na wazee wawili?”

“Ndege hazina masale,” Mama akasema.

Lakini yeye alishavuta chupa ya chai katikati ya meza na kuanza kukusanya vikombe vyetu, hata vile ambavyo hatujamaliza.

“Hii chupa ndiyo rada,” akasema. “Antena yake inazunguka huku inatuma mawimbi. Mawimbi yakigonga ndege, yanarudi. Upande ambao antena imeelekea ndiko ndege iliko, na muda wa mawimbi kwenda na kurudi unakupa umbali.”

“Kama kupiga kelele kwenye korongo,” nikasema.

“Ndiyo hivyo, kaka. Lakini mwangwi haukwambii ni nani. Unapata nukta tu kwenye kioo. Inaweza kuwa ndege, inaweza kuwa mvua. Kwa hiyo kuna rada ya pili, hiyo inauliza. Wewe ni nani? Uko kimo gani? Ndani ya ndege kuna chombo kinaitwa transponda, kinajibu chenyewe: namba yangu hii, kimo changu hiki. Hapo nukta inapata jina.”

“Sasa nimeelewa,” Mama akasema, akanitazama mimi. “Huyu hapa ni nukta. Nikimpigia simu anasema yuko Tunduma, kumbe yuko Mtwara.”

Kamati ilicheka sana. Mwenyekiti alicheka mpaka akalowesha tai yake kwa chai, maana kikombe chake ndicho pekee ambacho hakijageuzwa kuwa ndege.

“Sasa sikilizeni sheria,” ndugu yangu akaendelea. “Ndege mbili zikiwa kimo kimoja, naziweka mbalimbali. Tuseme maili tano, zile maili za mabaharia. Karibu na uwanja zinaweza kusogeleana zaidi. Au, kama lazima zipite mahali pamoja, moja naiweka juu ya nyingine kwa futi elfu moja. Shikeni hilo neno ‘au’. Moja likitimia, inatosha.” Akaweka kikombe kimoja juu ya kopo la sukari, kingine akakipitisha chini kando yake. “Moja juu, moja chini. Abiria wanakunywa juisi, hawana habari.”

“Kwa nini nafasi kubwa hivyo?” katibu akauliza. “Si unaziona?”

“Naona ilipokuwa antena ilipopita. Mpaka antena izunguke tena, ndege imeshasogea. Kwa hiyo unaacha nafasi kwa ajili ya kile usichokiona.”

Nakiri lilinigusa hilo. Tulipokuwa watoto tulisimama kati ya migomba tukazipungia ndege mikono na kuziagiza zituletee zawadi Ulaya, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani kuna mtu amekaa kwenye chumba cha giza akihesabu nafasi kati ya moja na nyingine. Nilidhani zinapishana kwa bahati, kama sisi.

Mama hakuguswa. “Na hizo ndege zako mwishowe zinashuka wapi?”

“Uwanjani, Mama mdogo.”

“Kila moja na uwanja wake?”

“Hapana. Nyingi ni uwanja huo huo. Tunazipanga, moja nyuma ya nyingine.”

“Basi mimi usinipangie zisikutane. Nipangie zishuke.”

Alijibu kwamba hilo ataliangalia, kwa sauti ile ya mtu wa ofisini anayekuambia urudi kesho.

Mpango wake ulikuwa huu. Ukumbi tuliopata, kule Sokon One, ulikuwa na roshani ndani, na ngazi moja nyembamba ya kupandia. Mjomba mkubwa ataingia mlango wa mbele na kukaa chini, safu ya kwanza, kwa sababu ana goti bovu na hawezi kupanda. Mjomba mdogo ataingia mlango wa nyuma na kupelekwa juu roshani kabla kaka yake hajafika. Bibi harusi atapiga magoti kwa mmoja chini, kisha atapanda kupiga magoti kwa mwingine juu. Baraka zote mbili zitapatikana, kwa tofauti ya kimo.

“Nilisema kwa pamoja,” Mama akasema.

“Usalama kwanza, Mama mdogo.”

Kamati ikapitisha kwa kauli moja. Mama aliinuka akaenda jikoni, na tulisikia sufuria zikiwekwa chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kila mjomba alipewa transponda. Mimi nilikuwa transponda ya mjomba mkubwa. Ya mjomba mdogo alikuwa shemeji yetu wa Levolosi, mke wa mdogo wangu wa kiume, mwanamke mpole ambaye hajawahi kumkatalia mtu mzima jambo lolote. Tuliwekewa vifaa vya masikioni na tukafanya mazoezi uani, kati ya kuku.

“Nikitoa agizo, unalirudia lote,” ndugu yangu alimfundisha. “Rubani hajibu hivi hivi. Anarudia maneno yangu ili nijue amesikia nilichosema, siyo alichotaka kusikia. Haya. Mzuie mjomba roshani.”

“Sawa, shem.”

“Sawa siyo jibu. Sema, namzuia mjomba roshani.”

“Sawa,” shemeji akasema, kwa heshima zote.

Siku ikafika. Ndugu yangu alikaa pembeni karibu na mitambo ya muziki, mbele yake sinia lenye ramani ya ukumbi aliyoichora mwenyewe. Kizibo chekundu cha soda kilikuwa mjomba mkubwa, cha kijani mjomba mdogo. Wageni waliokuja kuchukua soda kwenye meza ya jirani walidhani anacheza bao, mmoja akamshauri asogeze kile chekundu.

Mjomba mkubwa alishuka kwenye gari akiwa na koti zito, kofia na fimbo.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umeyapata maisha, au bado unayatafuta?”

“Bado, mjomba.”

“Angalia chini ya kitanda. Vitu vyangu vyote vinavyopotea viko huko.”

Nikamwingiza ndani, nikanong'ona kwamba mjomba mkubwa yuko mlango wa mbele, kimo cha chini. “Nakuona kwenye rada,” sauti ikajibu masikioni, ingawa alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu na tulikuwa tunatazamana. Mjomba alikaa, akaletewa ndizi na nyama, kisha kibakuli cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, akaanza kueleza meza nzima jinsi mahindi ya siku hizi yasivyo mahindi.

Niseme ukweli, ilifanya kazi. Wazee wawili walikuwa chini ya paa moja, wanakula chakula kilichotoka chungu kimoja, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Kizibo chekundu kilikaa karibu kabisa na cha kijani kwenye sinia, na ndugu yangu akakunja mikono kifuani kama mtu aliyeleta amani Afrika nzima. Mama peke yake hakula. Alitazama chini, akatazama juu, akatazama chini tena. Kwake yeye hii haikuwa amani. Ulikuwa ugomvi ule ule uliopangwa vizuri.

Lakini kila anga ina chombo kinachopita bila kujibu mtu, na chetu kilikuwa mshereheshaji. Kamati ilimweleza kila kitu kuhusu keki na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikasahau kumweleza kuhusu wajomba. Yeye akachungulia karatasi yake, akaona watu wamepoa, akaamua kuwachangamsha.

“Jamani, tunaye mjomba wa bibi harusi kule juu! Yuko juu kuliko sisi sote! Mjomba wa juu, hebu tupungie mkono!”

Ukumbi mzima ukageuza shingo. Mjomba mdogo, mtu asiyepungiwa mara nyingi, alisimama kwenye ukingo wa roshani akapunga mikono yote miwili.

Mjomba mkubwa aliweka kijiko chini.

“Yule ni nani?”

“Mgeni tu, mjomba.”

“Mgeni amevaa viatu vya mdogo wangu.” Kweli, kutoka pale tulipokaa tulichokiona vizuri zaidi kilikuwa ni soli za viatu, kati ya nguzo za roshani, sawasawa juu ya kofia yake. “Amewekwa juu ya kichwa changu? Nani kapanga?”

“Kamati, mjomba.”

“Kamati ya nani?”

Ndipo nilipoona kosa letu. Angani hakuna mkubwa na mdogo. Ndege yenye abiria mia tatu inaweza kuwa chini na kandege ka watalii kakawa juu yake, na hakuna anayetukanwa. Tulikuwa tumefikiria goti la mzee. Hakuna hata mmoja wetu, watu tuliolelewa kwenye nyumba ambayo mtoto hakai kwenye kiti kirefu kuliko cha mkubwa wake, aliyefikiria kichwa chake.

Mjomba aliinuka akashika fimbo.

“Mjomba mkubwa anaelekea ngazini,” nikanong'ona.

“Rudia.”

“Anapanda.”

“Sijamruhusu kupanda!”

“Njoo umwambie wewe.”

“Shemeji!” Nilimsikia akipaza sauti. “Mzuie mjomba mdogo hapo hapo roshani! Asishuke!”

“Sawa, shem.”

“Rudia agizo!”

Sauti ya upole ikasema, “Ameshaanza kushuka, shem. Alisema anaenda chooni. Sasa mtu mzima nitamzuiaje kwenda chooni?”

Ndugu yangu alisimama, sinia likaanguka, vizibo vikabiringika chini ya meza ya mitambo. Rada ikawa imezimika.

Ngazi ile ilikuwa nyembamba kiasi kwamba wahudumu walipishana kwa ubavu. Mjomba mkubwa alifika katikati, goti likakataa, pumzi ikamwishia, akashika chuma cha pembeni. Nilikuwa nyuma yake tayari kumdaka. Kwenye kona ya juu vikatokea viatu, kisha suruali, kisha mjomba mdogo mzima. Akatuona. Akasimama.

Muziki ulikuwa umekatika, kwa sababu mpiga muziki alikuwa chini ya meza akimsaidia ndugu yangu kutafuta vizibo. Watu wa safu za mbele walianza kusimama. Nilifikiria matope ya siku ya mazishi. Nilimwona mdogo wangu amekaa kwenye kiti chake cha maua, mikono imeshikana, anatazama ngazi kama mtu anayesubiri hukumu.

“Unakaa juu ya kichwa changu,” mjomba mkubwa akasema, katikati ya kuhema.

“Nimewekwa.”

“Hata sasa hivi uko juu.”

Mjomba mdogo akatazama miguu yake, akaona ni kweli. Akamtazama kaka yake, lile goti lililokunjwa, ule mkono uliobana chuma.

“Goti hilo tangu lini limekuwa hivi?”

“Tangu mvua za mwaka jana. Ungejuaje?”

Mjomba mdogo alishuka. Kumpita kaka yake ilibidi wabanane kifua kwa kifua, na kwa muda mfupi koti zito na shati la kitenge vikawa kitu kimoja. Kwenye kioo chochote cha rada duniani kengele ingelia. Kisha akawa amepita, nami nikajipenyeza kwenye nafasi aliyoiacha juu. Alishuka kipandio kimoja chini ya kaka yake, akageuka. Sasa ilibidi amtazame kwa kuinua uso. Na mtu aliyelelewa na bibi yetu akijikuta amesimama chini ya kaka yake, wanatazamana usoni, mdomo hausubiri kiapo.

“Shikamoo, kaka.”

Mjomba mkubwa alihema. Akahema tena. Hakuna aliyejua kama anakataa au anatafuta pumzi, na nadhani hata yeye alitaka tusijue.

“Kaka,” Mama akasema kutoka chini ya ngazi. Alikuwa ameshafika, na alikuwa amemshika mdogo wangu mkono. “Umeamkiwa.”

Mzee akamtazama mdogo wake, kutoka juu kwenda chini. Akapima hicho kipandio kimoja. Kilimtosha.

“Marahaba.”

Mama alipiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia tena. Mshereheshaji, ambaye hajui chochote lakini anajua kazi yake, akapaza sauti, “Na sasa, mabibi na mabwana, wajomba!” Ukumbi ukalipuka kwa makofi, kila mtu akiamini kwamba ngazi ilikuwa kwenye ratiba. Mdogo wangu alipanda na gauni lake, akapiga magoti kipandio kinachofuata. Mkono wa mjomba mdogo ukatua kichwani kwake. Kisha mjomba mkubwa akainama, huku mimi nimemshika kiuno, na mkono wake ukafika. Waliomba kwa Kimeru, wakiingiliana maneno, kila mmoja akitaka amina yake iwe ya mwisho.

Ndugu yangu alifika akihema, vumbi magotini.

“Nani kawaruhusu?” akaniuliza. “Hawana nafasi kabisa kati yao!”

“Zimeshuka, mwanangu,” Mama akamwambia, bila kugeuka. “Kaa chini, ule.”

Masale bado yako pale pale, au pale yanapokuwa wiki hiyo. Mjomba mkubwa anawaambia watu kwamba aliitikia kwa sababu mdogo wake alishuka chini yake kwa hiari, mbele ya ukumbi mzima. Mjomba mdogo anasema alikuwa anakwenda chooni, na choo kiko chini. Mimi niliondoka tena baada ya sherehe, na Mama akipiga simu kuuliza niko wapi, namalizia kwa kumuuliza hali ya anga. Ananiambia kwamba njia kati ya mashamba yale mawili ina mteremko mkali, na wajomba hukutana hapo asubuhi wakienda kutazama kahawa. Mjomba mdogo akimwona kaka yake kwa mbali hasemi kitu. Anazunguka kwanza upande wa bondeni, anasimama vizuri, ndipo anaamkia.